Una Kisukari na Bado Unakunywa? Ambia Mbogi Yako Kwanza

Wacha tuongee ukweli. Siku daktari alikuambia una kisukari aina ya pili, pengine hukuwaza sana kuhusu chapo. Ulijiuliza: na Ijumaa je?

Jibu salama zaidi ni kuacha pombe kabisa. Lakini najua kuna wenye hawataacha leo, na hao ndio naongea nao.

Wengi hudhani shida ni kupanda kwa sukari pekee. Ni kweli, soda moja ya mililita 300 unayochanganyia vodka inaweza kubeba karibu gramu 30 za sukari, kama vijiko saba vya chai. Ila kuna hatari nyingine isiyopiga hodi: sukari kushuka.

Iko hivi. Ini ndilo stoo yako ya sukari. Usipokula, ndilo hutoa akiba kidogo kidogo. Pombe ikiingia, ini huanza kushughulika nayo na kazi ya sukari inalala. Sasa kama unadunga insulini au unameza vidonge kama glibenclamide, dawa inazidi kushusha huku stoo imefungwa. Sukari inaweza kuanguka saa nyingi baadaye, hata kesho yake asubuhi. Metformin peke yake si rahisi ikushushe hivyo, lakini pombe nyingi juu yake huongeza hatari ya asidi kujaa kwenye damu. Soma jina kwenye pakiti yako, kisha umuulize daktari au mfamasia.

Sukari ikishuka, unatokwa jasho, unatetemeka, unaongea ovyo, unapepesuka, unasinzia. Mbogi itasema nini? "Huyu amelewa, mwacheni alale." Usingizi huo unaweza kuwa wa mwisho.

Naelewa mbona unaficha. Watu bado huona kisukari kama ugonjwa wa wazee, na nani anataka kuitwa "guka" mezani? Lakini mtu asiyejua hawezi kukuokoa.

Kwa hivyo chagua mmoja anayekunywa kidogo au hanywi, umfunze haya. Kipimo kikiwa chini ya 4, akupe nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Mngoje dakika 15, mpime tena. Ikipanda, ule kitu. Ukiwa umezimia, asikumiminie chochote mdomoni: akulaze kwa ubavu, akukimbize hospitalini na aseme una kisukari.

Nawe fanya yako. Usinywe tumbo tupu. Nyama choma bila ugali haitoshi, kwa sababu nyama haina wanga. Pima kabla ya kunywa na kabla ya kulala. Na hesabu vizuri: ushauri wa Marekani kwa wenye kisukari ni kinywaji kimoja kwa siku kwa mwanamke na viwili kwa mwanamume, lakini kwao bia moja ni kama mililita 355. Chupa yetu ya nusu lita tayari imepita hapo.

Basi chukua simu uandike meseji hii: "Niko na kisukari. Nikianza kuongea ovyo, nipime, nipe soda, usiniache nilale." Itume kabla hujaagiza.