Seva ya nyumbani inapogoma kuwaka, usikimbilie kufuta diski

UMEME ukirudi usiku Mbagala au Tegeta, taa huwaka, feni huzunguka na jokofu huanza kunguruma. Kinachoweza kubaki kimya ni ile kompyuta iliyowekwa chini ya meza bila kioo wala kibodi, ambayo mwenye nyumba ameifanya seva ya kutunzia picha za familia, hesabu za duka au rekodi za kamera za ulinzi. Taa yake ya mbele inawaka, lakini kwenye mtandao wa nyumbani haionekani.

Wakazi wa Kinondoni na Temeke wamepitia mgawo wa umeme wa mwaka 2006, uliotokana na ukame, na ule wa mwaka 2023. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere mtoni Rufiji ilianza kuzalisha Februari 2024, hata hivyo hitilafu ya Gridi ya Taifa ya Aprili 1 mwaka huo ilidhihirisha kuwa wingi wa umeme hauzuii kukatika kwake ghafla.

Kosa kubwa wakati huo ni kumwita fundi na kumruhusu “apige Windows” upya, jambo linaloweza kufuta kila kilichokuwamo. Swali la kwanza liwe: mashine imekwama katika hatua gani? Ili kulijibu, unganisha kioo na kibodi. Hata televisheni ya sebuleni yaweza kufaa.

Iwapo kioo kinakutaka ubonyeze kitufe cha F1, tatizo kwa kawaida halimo katika mafaili yako. Programu ya awali iliyomo katika bodi kuu, yaani BIOS, imekuta jambo isiloridhika nalo na inamsubiri binadamu. Mara nyingi chanzo ni betri ya CR2032 ya volti 3, yenye umbo la sarafu, ambayo hupatikana hata kwa mafundi saa. Katika kompyuta za mitumba betri hiyo huwa imezeeka. Umeme ukiwapo, hakuna anayetambua. Ukikatika, saa na mipangilio hupotea, na tarehe hurudi nyuma miaka mingi.

Badilisha betri, rekebisha tarehe, kisha ingia katika mipangilio ya BIOS uiamuru mashine isisimame kwa kukosa kibodi na ijiwashe yenyewe umeme unaporudi. Zipo mashine zinazolalamika kuwa hazina kibodi, kisha zikaomba kitufe kibonyezwe kwenye kibodi hiyo hiyo isiyokuwapo!

Kagua pia kama kuna flashi iliyosahaulika, kwani mashine huweza kujaribu kuwakia humo.

Wanaotumia Linux wana mtego mwingine. Diski ya nje iliyoandikwa katika faili la /etc/fstab isipopatikana, mfumo husubiri, kwa kawaida sekunde 90, kisha huingia katika hali ya dharura. Neno “nofail” likiongezwa kwenye mstari wa diski hiyo, seva huendelea kuwaka bila hiyo. Aidha, baada ya umeme kukatika, mfumo huweza kuikagua diski kwa muda mrefu. Taa ya diski ikiwa inapepesa, iache imalize. Kuchomoa waya katikati ya ukaguzi kwaweza kuongeza uharibifu. Ukisikia diski ikigonga-gonga, zima mara moja, na anayejua kazi hiyo anakili data kabla ya matengenezo yoyote.

Kifaa cha UPS husaidia, lakini wengi huuacha waya wake wa USB ndani ya boksi. Ni waya huo, pamoja na programu yake, unaoiwezesha seva kujizima kwa utaratibu kabla chaji haijaisha.

Baada ya matengenezo, ijaribu mchana ukiwa nyumbani: iamuru ijizime na kuwaka upya bila kioo wala kibodi, huku kioo kikiwa karibu.