Soko halikufungwa, lakini kwenda sokoni kulibadilika

WAKAZI wa Kilosa na Mikumi hawakufungiwa ndani wakati wa ugonjwa wa corona. Hakukuwa na askari wa kuwauliza wanakwenda wapi wala kibali cha kwenda kununua unga, na masoko yaliendelea kufunguliwa kila asubuhi kama kawaida.

Hata hivyo, mwaka 2020 safari ya kutoka nyumbani hadi gengeni haikuwa ile iliyozoeleka. Namna ilivyobadilika inaeleza mengi kuhusu maisha ya miji midogo ya Tanzania, ambako mtu hununua mahitaji ya siku moja kwa kipato cha siku hiyo hiyo.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini Machi 16, 2020, akiwa msafiri aliyefika Arusha akitokea Ubelgiji. Siku iliyofuata, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko mikubwa. Masoko, maduka, mabasi na nyumba za ibada havikuguswa.

Nchi jirani zilichukua njia nyingine. Rwanda na Uganda ziliwazuia watu kutoka majumbani, na Kenya iliweka amri ya kutotembea usiku. Serikali ya Rais John Magufuli ilishikilia kwamba uchumi wa wananchi usingehimili kufungwa.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake mahali kama Mikumi. Mama lishe anayepika wali kando ya barabara ya Tanzania na Zambia hana akiba ya wiki mbili, na mteja wake hana jokofu la kuwekea nyama ya wiki mbili. Kwa watu wa aina hiyo, kufunga soko kungekuwa sawa na kufunga jiko.

Lakini kuacha soko wazi hakukumaanisha kwamba hatari ilibaki nje ya soko. Mzigo wa kujilinda ulihamia kwa mnunuzi na muuzaji, kila mmoja kwa uwezo wake na kwa kiasi cha taarifa alizokuwa nazo.

Badiliko la kwanza kuonekana, kama ilivyokuwa karibu kila mji nchini, lilikuwa ndoo ya maji yenye koki iliyosimamishwa juu ya kigoda mlangoni mwa duka, kipande cha sabuni kikiwa pembeni. Mteja alitakiwa kunawa kabla ya kushika bidhaa. Mafundi wa kuchomelea vyuma walibuni vifaa vya kunawia vinavyofunguliwa kwa kukanyaga kwa mguu, ili mtu asiishike koki iliyoshikwa na wengine.

Ndoo hizo zilikuwa na ugumu wake, maana ilibidi mtu azijaze. Pale ambapo maji ya bomba hutoka kwa zamu, au hununuliwa kwa dumu, kila mteja aliyenawa alimwongezea mwenye duka gharama ambayo hakuna aliyemrudishia. Si ajabu kwamba ndoo nyingi zilikauka mapema kuliko ugonjwa wenyewe.

Barakoa nazo zilifuata njia yake. Zile za hospitali ziliadimika na bei yake ikapanda, ndipo mafundi cherehani walipoingia kazini na vipande vya kitenge. Mabaki ya kitambaa cha gauni yaligeuka bidhaa, na barakoa ikawa ikiuzwa mkononi na wachuuzi wale wale wa vitambaa vya jasho na vocha za simu.

Katika usafiri, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) iliagiza abiria wachukuliwe kulingana na idadi ya viti. Agizo hilo lilionekana zaidi katika daladala za Dar es Salaam, lakini maana yake ilieleweka hata kwa makonda wa mikoani: abiria wa kusimama, ambaye ndiye faida ya safari, hayupo.

Kati ya Kilosa na Mikumi jambo hilo si dogo. Miji hiyo miwili iko katika wilaya moja, lakini mkazi wa Mikumi anayefuata shughuli makao makuu ya wilaya husafiri umbali wa zaidi ya kilometa 70, akipita Ulaya. Ndiyo, Ulaya, ni kata iliyoko katika barabara hiyo, na jina lake limewachekesha wageni wengi. Aprili 2020 Tanzania ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa, lakini magari ya Ulaya ya Kilosa yaliendelea kupita.

Kilichobadilika katika safari za aina hiyo ni sababu za kusafiri. Mtu aliyekuwa akienda mwenyewe kupeleka ada, kulipa deni au kumpa mzazi fedha ya matumizi alikuwa na sababu zaidi ya kutuma kwa simu. Benki Kuu ya Tanzania ilitambua hilo, na Mei 2020 ilipandisha kiwango cha juu cha miamala ya simu kwa siku kutoka Sh3 milioni hadi Sh5 milioni, na salio la siku kutoka Sh5 milioni hadi Sh10 milioni.

Ni kweli kwamba muuza nyanya wa gengeni hakuwahi kukaribia Sh3 milioni kwa siku. Aliyefaidika ni mwenye duka la jumla anayeagiza mzigo Morogoro au Dar es Salaam, ambaye sasa aliweza kulipa bila kupanda basi. Nafuu ikamfikia muuza genge kwa njia ya mzunguko, pale mzigo ulipofika.

Mwelekeo huo ulipata pigo Julai 2021, Serikali ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu. Baada ya malalamiko ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo, lakini wengi walikuwa wamekwisha kurudi katika desturi ya zamani ya kumpa dereva au ndugu msafiri bahasha.

Kikapuni nako mambo yalibadilika. Malimao, tangawizi na vitunguu saumu, ambavyo kwa kawaida hununuliwa kidogo kidogo, viligeuka dawa ya nyumba nzima. Watu walichemsha, walikunywa na kujifukiza, na neno nyungu likatoka kwa waganga likaingia katika hotuba za viongozi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) yenyewe ilitengeneza kinywaji cha viungo hivyo, kikijulikana kama NIMRCAF. Wataalamu wa afya wa kimataifa hawakuwa na ushahidi kwamba mvuke unaua virusi, na walionya kuwa unaweza kuunguza.

Bei zilipaa kwa sababu inayoeleweka. Tangawizi hutegemewa kutoka maeneo machache kama Same, na malimao kutoka Muheza na kwingineko. Mahitaji yakiongezeka kwa wiki moja nchi nzima, mti wa mlimao hauwezi kuzaa kwa wiki moja.

Sukari ilikuwa na kisa chake. Aprili 2020 iliadimika na bei kupanda, hadi Serikali ikatangaza bei elekezi kwa kila mkoa. Viwanda huwa vimesimama msimu wa masika, uagizaji kutoka nje ulikwamishwa na janga, na mfungo wa Ramadhani ulikuwa ukianza. Wakazi wa pande za Kidodi na Ruhembe, wilayani Kilosa, wanaoishi kando ya mashamba ya miwa ya Kilombero, walikuwa wakiutazama muwa ukikua huku sukari ikipanda bei dukani.

Kwa Mikumi, pigo kubwa zaidi halikutokana na bei bali na upungufu wa wapita njia. Mji huo huishi kwa barabara. Malori yaendayo Tunduma, Zambia na Congo husimama hapo. Madereva na utingo hula, hulala na kununua matunda. Mei 2020 Zambia iliufunga kwa muda mpaka wa Nakonde baada ya maambukizi mengi kugundulika, na foleni ikarefuka upande wa Tunduma. Lori lililokwama mpakani halirudi Mikumi kula chakula cha mchana.

Dereva huyo huyo, aliyekuwa mteja wa kutegemewa, aligeuka mtu wa kutiliwa shaka. Mama lishe alibaki na hesabu ngumu: kumkaribisha na kuhofu ugonjwa, au kumkwepa na kulala na sufuria lililojaa.

Watalii nao walitoweka. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, hupokea wageni wengi wa ndani kwa kuwa iko karibu na Dar es Salaam, lakini hiyo haikutosha kuziba pengo. Watalii wa kimataifa walioingia Tanzania walipungua kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020. Mhudumu wa hoteli aliyepunguzwa kazi ni mteja aliyepungua gengeni.

Wilaya ya wafugaji na wakulima kama Kilosa ina kumbukumbu nyingine ya maradhi kuingia sokoni. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa iliripotiwa katika mikoa 10 nchini, Dodoma na Morogoro ikiwamo. Wagonjwa 309 waliorodheshwa na zaidi ya 140 walifariki dunia. Virusi vyake huenezwa na mbu baada ya mvua kubwa, na binadamu huambukizwa pia kwa kugusa damu au nyama ya mnyama mgonjwa.

Wakati huo mnunuzi alijua la kuogopa. Aliacha nyama ya ng'ombe na mbuzi, akakimbilia kuku na samaki, na bei ya mifugo ikaanguka. Aliyetaka nyama aliulizia muhuri wa mkaguzi, na maziwa yalichemshwa. Kitu cha hatari kilikuwa kikionekana kwa macho, kikining'inia buchani.

Mwaka 2020 cha kuogopa kilikuwa pumzi ya jirani, na vipimo vya kumwongoza mnunuzi vilikoma. Takwimu za taifa ziliishia kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 mwanzoni mwa Mei 2020, na hazikutolewa tena hadi katikati ya mwaka 2021. Juni 2020 Rais Magufuli alitangaza kuwa nchi imeushinda ugonjwa. Ndoo zikaondolewa, barakoa zikaingia mifukoni.

Bila takwimu, watu walisoma dalili. Misiba ikifuatana mtaani, kitambaa kilirudi usoni, ikitulia, kilivuliwa. Bei ya malimao ilikuwa taarifa ya afya kwa asiye na taarifa nyingine. Kipimo hicho kilikuwa duni, kwa kuwa msiba husema yaliyotokea wiki kadhaa nyuma, na mwenye kuuza nyanya alihitaji kujua ya asubuhi ile.

Februari 2021, wimbi jingine likiwa limeshika, Rais Magufuli aliwataka wananchi wavae barakoa zinazotengenezwa nchini. Alifariki dunia Machi 17 mwaka huo. Mrithi wake, Rais Samia Suluhu Hassan, aliunda kamati ya wataalamu, na Julai 28, 2021 alizindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani, baada ya kupokelewa kwa dozi zaidi ya milioni moja.

Idadi ya watalii imekwisha kuvuka ile ya mwaka 2019, na tangu mwaka 2024 Kilosa ina kituo cha treni ya umeme iendayo Dodoma. Malimao yamerudi kuuzwa kwa mafungu madogo. Vile vifaa vya kunawia vya kukanyaga kwa mguu bado vipo katika baadhi ya ofisi na shule, vingi vikiwa na kutu, ndoo zake zikiwa zimepelekwa nyumbani kuhifadhia maji.