Udalali wa mtandaoni: ni chumo la halali, na lina faida kwa mtu wa Mbwera?



 

Limetufikia swali la mama mmoja wa Mbwera, kule delta ya Rufiji. Kijana wake amemaliza kidato cha nne, na rafiki yake aliyeko Mbagala amemweleza kuwa kuna kazi ya kutangaza bidhaa za watu kwa simu na kulipwa kamisheni, kazi ambayo vijana wanaiita afilieti. Ili aanze, anatakiwa alipe kwanza shilingi 150,000. Nyumbani fedha hizo zipo, lakini zimewekwa kwa ajili ya nyavu kabla ya msimu wa kamba. Mama anauliza mambo mawili: kazi hii ni halali? Na ina faida, au ni kuzitupa nyavu majini?

Tutajibu kwa urefu kidogo, maana maswali ya namna hii yanatujia mara kwa mara kutoka visiwani, na wengi wanachanganya vitu viwili ambavyo havifanani hata kidogo.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Mwenye duka la mtandaoni anampa kila dalali kiungo chake au namba yake maalumu. Dalali anakituma kiungo hicho kwa watu. Mtu akikibonyeza na kununua, duka linaona mteja ameletwa na nani, na dalali anapewa asilimia fulani ya bei. Asiponunua mtu, hakuna malipo. Duka la Marekani liitwalo Amazon limekuwa likifanya hivyo tangu mwaka 1996, na kampuni nyingi zimelifuata. Kwa hiyo kazi ipo kweli, na wako watu wanaoishi kwayo.

Wala si kitu kipya kwetu. Anayemleta mnunuzi wa kaa hadi bandarini kwenu akapewa chake, anafanya udalali. Kule Kariakoo vijana wanaosimama nje ya maduka na kuvuta wateja wanaitwa mawinga, na siku hizi winga hana haja ya kusimama juani. Anapiga picha vitenge na vyombo vya dukani kwa mtu, anaviweka kwenye WhatsApp, na oda ikija anakwenda kuchukua.

Upande wa sheria, udalali una jina lake katika fiqhi: samsara. Imamu Bukhari ameweka mlango mzima wa ujira wa dalali katika Sahihi yake, na amewataja humo Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na Al-Hasan kuwa hawakuona ubaya ndani yake. Na Qays bin Abi Gharaza (Allah amridhie) amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba wao walikuwa wakiitwa madalali, Mtume (S.A.W.) akawapa jina lililo bora zaidi, wafanyabiashara, kisha akawausia wachanganye biashara zao na sadaka kwa sababu ya maneno ya upuuzi na viapo vinavyoingia humo. Tazama hapo: hakuwakataza kazi, aliwatahadharisha na ndimi zao.

Malipo yanayosubiri kazi itimie nayo yana asili. Yanaitwa ju'ala, na maulamaa wanayatolea ushahidi kisa cha Nabii Yusuf (Sura ya 12, aya ya 72), pale ilipotangazwa kuwa atakayeleta pishi ya mfalme atapata shehena ya ngamia. Sisi wa mwambao tuliolelewa katika madhehebu ya Imamu Shafi tunafundishwa kuwa ujira huo lazima ujulikane. Asilimia 5 ya bidhaa yenye bei inayojulikana ni kitu kinachojulikana, na maulamaa wengi wa zama hizi wameiruhusu. Na lile katazo la kuuza usichokuwa nacho halimgusi dalali huyu, kwa kuwa yeye hauzi. Anaonesha njia, na anayeuza ni mwenye duka.

Lakini winga anayeongeza bei yake juu ya bei ya duka ana jambo la kuangalia. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (Allah amridhie) kuwa si vibaya mwenye mali kumwambia mtu auze nguo, na kinachozidi kiwango fulani kiwe chake. Hapo mwenye mali anajua na ameridhia. Winga ambaye mwenye duka hana habari ya nyongeza yake, au anayemwambia mteja "hii ndiyo bei ya dukani" ilhali ameweka elfu kumi yake juu, ameingia katika uongo, na ule udalali wake wa halali ameuharibu mwenyewe.

Vivyo hivyo anayesifia dawa ya nywele asiyoitumia. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, akakuta chini kumelowa, na akasema juu ya anayeghushi maneno tunayoyajua sote. Picha nzuri ya simu inaweza kuwa ndiyo nafaka kavu ya juu. Na wako wanaowaomba shangazi na binamu wabonyeze na kununua kwa ajili ya kupandisha hesabu. Amazon, kwa mfano, inamkataza dalali kujinunulia kupitia kiungo chake mwenyewe. Hayo ni masharti uliyoyakubali, na Muislamu anafungwa na masharti yake.

Kisha bidhaa yenyewe. Pombe inajulikana, na mikopo ya riba ya kwenye simu inajulikana. Linalowapata vijana wetu zaidi ni kamari ya mpira. Kijana anaweka mkeka wake mtandaoni pamoja na namba ya kujiandikishia, na kila anayejiandikisha kwa namba hiyo anamletea malipo. (Sisi tulizoea mkeka kuwa ule wa ukindu.) Katika mipango mingi ya namna hiyo, dalali analipwa fungu la kile ambacho wachezaji aliowaleta wamekipoteza. Yaani jirani yake akiliwa ada ya shule, yeye ndipo anapata. Allah ametukataza kusaidiana katika dhambi na uadui (Sura ya 5, aya ya 2), na hatuoni udhuru wowote kwa Muislamu hapa, hata akisema yeye mwenyewe hachezi.

Sasa tuje kwenye ile 150,000, ambayo kwa maoni yetu ndiyo kiini cha swali la mama.

Udalali wa kweli hauna kiingilio. Duka linataka wauzaji, kwa nini liwatoze? Ukiona unalipa ili uingie, na malipo yako yanatoka kwa wale utakaowaingiza, huo si udalali. Huo ni upatu. Mwaka 2009 Watanzania wengi walipoteza akiba zao katika DECI, ambako watu waliambiwa "wapande mbegu" na wavune, na mavuno ya waliotangulia yalikuwa mbegu za waliokuja nyuma. Viongozi wake walishtakiwa na kutiwa hatiani. Mwaka 2025 ikawa LBL, safari hii kwa simu: watu walilipia kujiunga wakiahidiwa malipo kwa kutazama matangazo ya filamu, na Februari mwaka huo Benki Kuu ya Tanzania ikaeleza kuwa haikuwa na leseni. Kuendesha upatu wa aina hii ni kosa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania. Na kwa upande wa dini, Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia iliharamisha biashara za mtandao wa watu mwaka 1425 Hijria (2004), kwa kuwa ndani yake mna riba, gharari, udanganyifu na kula mali za watu kwa batili, na bidhaa ni pazia tu.

Kipimo chepesi cha nyumbani ni hiki: muulize kijana, kama leo wasingejiunga watu wapya, je, fedha zingeendelea kuja? Akijibu kuwa zingekuja kwa sababu watu wananunua sufuria, endeleeni kuzungumza. Akianza kueleza ngazi, timu na bonasi, fungeni mfuko.

Tuseme basi hakuna kiingilio na bidhaa ni halali. Je, inalipa? Tupige hesabu ya kudhania. Bidhaa ya shilingi 40,000 kwa kamisheni ya asilimia 5 inakupa 2,000. Ukitaka 100,000 kwa mwezi, unahitaji wanunuzi 50. Ikiwa katika kila watu 100 wanaobonyeza ananunua mmoja, wanatakiwa watu 5,000 wabonyeze, kila mwezi. Kundi la WhatsApp likijaa kabisa linachukua watu 1,024. Bando hatujalitoa bado.

Na asilimia hiyo hupangi wewe. Aprili 2020 Amazon ilishusha kamisheni ya samani kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka 5 hadi 1, na madalali wakaamka wamepunguziwa. Jumia nayo ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na aliyekuwa anaitegemea hapa nchini akabaki na viungo visivyouza. Tena mzigo wenyewe utafikaje? Mteja wa delta anasubiri uje kwa basi, kisha uvuke kwa boti kufuata maji. Mteja wa Dar es Salaam yuko karibu na duka, lakini huyo hakujui.

Wanaofaulu ni wale ambao watu walikuwa tayari wanawasikiliza: fundi anayeonesha kazi yake, mama anayefundisha mapishi, mtu ambaye wafuasi wake wakisikia amesema jambo wanaamini. Kamisheni kwao ni nyongeza.

Kwa hiyo, mama yetu, jibu letu ni hili. Fedha za nyavu zibaki za nyavu. Hiyo 150,000 isilipwe, hata rafiki wa Mbagala akionesha picha za miamala aliyolipwa. Kijana tusimvunje moyo, kwa kuwa ametaka chumo. Aanze na anachokijua: kamba, kaa, nazi na mchele wa kwenu, awatafutie wanunuzi Kibiti na Dar es Salaam kwa simu hiyo hiyo, akubaliane na wavuvi mbele ya mashahidi kamisheni yake ni kiasi gani kwa kilo, na aandike. Huko ana mali ambayo winga wa Kariakoo hana. Akitaka pia kujaribu viungo vya duka la mtandaoni lisilotoza, ajaribu kwa miezi mitatu, aandike bando alilotumia na kamisheni iliyoingia, na kabla ya yote aulize fedha zitamfikia kwa njia gani, kwa kuwa si kila duka la nje linalipa kwenye M-Pesa au benki za kwetu.

Wallahu a'alam.