Oili ipi uweke kwenye kirikuu au Hilux yako ya petroli

Leo mbegu na mbolea tunaziweka pembeni kidogo, tuongelee oili ya injini. Kuna kijana mmoja huku Njombe nilimshauri vibaya, na najua wengi wenu mko kwenye hatua ile ile aliyokuwa nayo: msimu umelipa, umenunua kagari kako ka kusombea mazao, na hakuna aliyekufundisha kukatunza.

Huyu ni mkulima wa viazi. Alijikusanya misimu mitatu akanunua kirikuu ya mtumba, Suzuki Carry ya petroli. Mwezi wa kumi na moja akanipigia akiwa dukani. "Bwana shamba, nataka kumwaga oili, muuzaji ananiuliza namba ngapi. Niseme ipi?" Nilikuwa kwenye kikao. Nikamjibu haraka haraka, "Weka forty tu, haina shida." Forty ndiyo tuliyozoea kuweka kwenye pawatila la kikundi, mashine ya dizeli ya silinda moja. Kwa akili yangu ya siku ile, injini ni injini.

Ikafika Julai. Anayeijua Njombe ya Julai anajua baridi yake. Kijana anawasha gari saa kumi alfajiri awahi soko, na kila akiwasha, injini inagonga kwa juu kwa muda, ka-ka-ka-ka, halafu inanyamaza. Akazoea. Siku moja anapanda mlima na magunia matano ya lumbesa, taa ya oili ikawaka. Akaendelea ili afike juu. Hakufika, injini ikanoki.

Fundi alipofungua sampu tulikuta tope jeusi kama lami, chujio la pampu limeziba, na beringi za krenki shafti zimelika. Kumbe tangu ile Novemba oili haikubadilishwa tena. Halafu kirikuu imetengenezwa kubeba kilo 350, na lumbesa tano za viazi zinavuka kilo 500 bila ubishi. Kwa hiyo siwezi kusema forty yangu peke yake ndiyo iliyoua injini. Ilikuwa oili nzito, iliyochelewa kubadilishwa, chini ya mzigo uliopitiliza. Lakini moja kati ya hayo matatu ni la kwangu. Nilimchangia kidogo kununua injini nyingine ya mtumba. Sehemu kubwa ilitoka kwenye hela yake ya mbegu, na msimu uliofuata alipanda nusu ya eneo.

Baada ya hapo nilikaa chini nikajifunza nilichotakiwa kukijua kabla ya kufungua mdomo.

Namba za kwenye galoni, mfano 5W-30, zinaeleza mnato, yaani uzito wa oili inavyotiririka. Ile ya mbele yenye W inahusu baridi. Ikiwa ndogo, oili inatiririka vizuri injini ikiwa bado ya baridi. Ile ya nyuma inaeleza uzito wake injini ikishapata moto, kwenye nyuzi joto 100. Sasa angalia forty niliyomwambia kijana: imeandikwa SAE 40, haina W kabisa. Maana yake haijapimwa kwa ajili ya kuwasha kwenye baridi. Alfajiri ya Julai inakuwa kama asali. Pampu inahangaika kuipandisha juu, na vyuma vinasagana vikavu vikiisubiri. Ile ka-ka-ka ndiyo hiyo. Injini huchakaa sana wakati wa kuwasha, na wewe unawasha alfajiri, unapakia, unazima, unawasha tena.

Injini ndogo za kisasa zina nafasi nyembamba kati ya vyuma na njia nyembamba za kupitisha oili. Kirikuu za miaka ya 2002 hadi 2013, zile za DA63T, zina injini ya K6A, na hiyo 5W-30 ndiyo saizi yake. Usiende kwenye nzito kwa sababu tu umeambiwa nchi yetu ni ya joto. Njombe na Korogwe hazina joto moja, na hata Korogwe SAE 40 haina cha ziada cha kuisaidia K6A.

Mwenye Hilux ya petroli ana nafasi pana zaidi. Vitabu vya Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la nchi zetu vina mchoro wa joto la nje na oili zinazoruhusiwa, kuanzia 5W-30 hadi nzito kama 15W-40 au 20W-50. Unatafuta hali ya hewa yako, unachagua. Kitabu kikiwa cha Kijapani usikitupe, namba na herufi za oili zimeandikwa kama zetu. Pitisha macho kurasa za mwisho utaziona. Wakati mwingine zipo hata kwenye mfuniko wa kujazia oili.

Jambo la pili ambalo watu wengi hawaliangalii ni herufi za API. Zikianza na S, oili imetengenezwa kwa injini ya petroli. Zikianza na C, ni ya dizeli. Herufi inayofuata inaonyesha kizazi, kadiri inavyosogea mbele kwenye alfabeti ndivyo oili ilivyo mpya na bora. SL ilianza 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Mpya inafaa kwenye gari la zamani la petroli, lakini ya zamani haifai kwenye gari jipya. Madukani kwetu bado utakuta galoni zimeandikwa SF, tena kwa bei nzuri inayovutia. SF ni ya injini zilizotengenezwa 1988 kurudi nyuma. Kirikuu yako haikuwepo duniani.

Ukikuta zote mbili, mfano CI-4/SL, hiyo inakubalika kwa dizeli na petroli, ila imetengenezwa kwanza kwa ajili ya dizeli. Ukiwa umekwama, itakusogeza. Kuifanya mazoea kwenye gari la petroli mimi simshauri mtu, hasa kama ekzosi bado ina kile kifaa cha kusafishia moshi, maana kemikali za oili nyingi za dizeli hukiharibu mapema.

Mtaniuliza kuhusu sintetiki. Ni nzuri, hasa kwenye baridi, ila bei yake unaijua. Kwa mfuko wa mkulima anayeanza, oili ya kawaida yenye namba sahihi, SL kwenda juu, ikibadilishwa mapema, inatosha. Bora hiyo kuliko sintetiki ya bei ya ajabu iliyojazwa uchochoroni. Oili feki zipo. Angalia kizibo hakijaguswa, angalia alama ya TBS, nunua kwa mtu anayekupa risiti. Ukimaliza galoni, itoboe, usimwachie mtu akajazie tena.

Kuna mafundi watakwambia gari linalokula oili uliwekee nzito zaidi. Hapo wana nusu ya ukweli. Kwa injini iliyochoka, kutoka 5W-30 kwenda 10W-40 kunaweza kupunguza ulaji. Lakini moshi wa bluu unakwambia ringi au sili za valvu zimekwisha, na hizo hazitengenezwi na galoni. Na usihukumu oili kwa weusi. Oili nzuri inasafisha injini, lazima ichafuke.

Kuhusu muda wa kubadilisha: vumbi, mzigo mkubwa na safari fupi fupi ndiyo mazingira magumu yanayotajwa kwenye vitabu vya magari, na hayo ndiyo maisha yetu ya kila siku. Mimi nashauri kilomita 3,000 au miezi sita, kimoja kitakachotangulia, pamoja na filta. Kama dashibodi haihesabu, tumia daftari. Tuseme kwenda sokoni na kurudi ni kilomita 50, na unaenda mara tatu kwa wiki. Hizo ni 150. Wiki 20 umeshafika 3,000. Kijana wangu sasa anaandika safari zake kwenye daftari lile lile la mauzo ya viazi, na kila Jumapili anachomoa kijiti cha kupimia gari likiwa limesimama tambarare na injini imepoa. K6A inachukua chini kidogo ya lita 3 tu, kwa hiyo ikipungua nusu lita ni pengo kubwa.

Mwisho, ile oili chafu. Najua mnapaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa, na wengine mnapaka ng'ombe wenye kupe au vidonda. Ng'ombe acheni kabisa, ile oili imebeba chembe za vyuma na sumu za moshi. Usiimwage kwenye mfereji wala karibu na bustani. Irudishe kwenye dumu lenye mfuniko, uliandike ubavuni, uipeleke gereji wanayokusanya. Hilo dumu lisije likarudi kubeba maji ya kupulizia dawa.