Radi za Unyamwezi na Mwanga wa Ncha za Dunia

Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu katika njia ya misafara, kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo, waliijua vyema ngurumo ya nchi yao. Mpaka leo mvua za Tabora, ziinyeshazo nchi kuanzia Novemba hadi Aprili, huandamana na radi.

Ndani ya wingu la ngurumo vipande vya barafu hugongana. Vile vyepesi hupanda vikiwa na chaji chanya, na vizito hubaki chini na chaji hasi. Baina yao hutokea uga wa umeme, yaani eneo ambamo kila chembe yenye chaji husukumwa. Mwaka 1925 mwanafizikia C. T. R. Wilson alibashiri kwamba uga huo waweza kuzikimbiza elektroni hata hewa ishindwe kuzizuia.

Kanuni hiyo ndiyo iwashayo mwanga wa ncha za dunia. Maelfu ya kilomita juu ya nchi kama Norway, uga wa umeme huzisukuma elektroni chini, zikifuata mistari ya sumaku ya dunia. Zigongapo oksijeni, kiasi cha kilomita 100 kutoka ardhini, anga hung'aa kijani. Tabora haiuoni mwanga huo, kwa kuwa mistari ya sumaku ianziayo huko haiendi mbali angani. Hupinda na kurudi ardhini upande wa kaskazini.

Hata hivyo, mistari hiyo nayo hupitisha chembe. Tarehe 14 Desemba 2009 satelaiti ya Marekani iitwayo Fermi, ikiwa juu ya Misri, ilifikiwa na elektroni na positroni, ambazo ni elektroni zenye chaji chanya. Dhoruba iliyozirusha ilikuwa Zambia, jirani ya Tanzania, umbali wa kilomita 4,500 hivi.

Kwa mkulima wa tumbaku na mchunga ng'ombe, hatari iliyo karibu ni radi yenyewe. Mwembe uliompa mpagazi kivuli si kimbilio wakati wa dhoruba, kwani radi hupiga aghalabu kilicho kirefu. Ngurumo isikikapo, yafaa kuingia mara moja katika nyumba imara au gari lililofungwa. Na msiba ukitokea, asishukiwe mzee wala jirani: radi hutumwa na chaji za mawinguni, haitumwi na mtu.