Konferensi za vyuo Marekani: ziongeze timu au zitosheke?

Leo tuliache kidogo soka letu tuongelee mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa helmeti na kuangushana. Siyo ule wa NFL, huu ni wa vyuo vikuu. Na ukisikia "wanafunzi" usidharau, kule kuna viwanja vya vyuo vinavyoingiza watu zaidi ya 100,000. Swali linalowagombanisha ni moja: je, konferensi ziendelee kuongeza timu?

Kwanza tuelewane, konferensi ni nini? Ni umoja wa vyuo vinavyopangiana mechi, vinavyotafuta bingwa wao, na vinavyouza haki za televisheni kwa pamoja halafu vinagawana mshiko. Hakuna kupanda wala kushuka daraja, unaingia kwa kualikwa. Zamani walioungana walikuwa majirani. Big Ten, kwa mfano, ilianza 1896 na vyuo 7 vya upande mmoja wa nchi.

Sasa hela ziliingiaje? Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hakiwezi kuhodhi peke yake mikataba ya televisheni ya mpira huu. Toka hapo kila mtu akaanza kujiuzia. Mwaka 1992 SEC ya kusini ikafikisha timu 12, ikajigawa makundi mawili na kuchezesha fainali yake. Fainali ikawa mechi ya ziada ya kuuza, wenzao wakaona, wakaiga.

Matokeo yake? Big Ten ilisaini mwaka 2022 mikataba ya televisheni ya zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka 7, na tangu 2024 ina timu 18. Ndiyo, inaitwa Kumi lakini wako 18, hesabu msiniulize mimi! Rutgers ya New Jersey, mashariki kabisa, iko ligi moja na UCLA ya Los Angeles, karibu kilomita 4,000. Na ACC, ambayo jina lake ni la pwani ya Atlantiki, imechukua Stanford na California walioko upande wa Pasifiki! Hata SMU ya Dallas ilikubali kukaa miaka 9 bila mgao wa televisheni wa ACC, mradi tu iingie.

Tuwe wakweli, wanaotaka kuongeza wana hoja. Oregon waliingia Big Ten 2024 na mwaka huo huo wakachukua ubingwa wake. Texas na Texas A&M ni watani wa jadi toka 1894, lakini A&M walipohamia SEC mechi yao ilikufa baada ya 2011. Texas nao walipoingia SEC 2024, mechi ikafufuka. Tena tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa hiyo hela inahitajika kweli.

Lakini nani anaumia? Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Pac-12 ya magharibi, yenye mizizi ya mwaka 1915, ilikimbiwa na vyuo 10 mwaka 2024. Wakabaki wawili tu, Oregon State na Washington State. Hawakuwa na kosa lolote, ila miji yao ni midogo na televisheni hazikuwataka. Ikabidi waanze kuomba wengine waje, ndipo Boise State na wenzake wakakubali kujiunga kuanzia 2026.

Wengine wanaoumia hawaongelewi kabisa. Timu ya mpira huu hucheza mara moja kwa wiki, mechi kama 12 kwa msimu, na mara nyingi ni Jumamosi. Kukatiza nchi siyo tatizo sana. Lakini chuo kikihama, mara nyingi kinahama na dada zetu wa mpira wa wavu na softiboli, ambao wana mechi nyingi, zikiwemo za katikati ya wiki. Mimi nilipokuwa sekondari nilicheza wavu. Kwenda wilaya ya jirani tu tulikosa vipindi siku mbili, na hesabu zile hazikurudi tena. Sasa fikiria mtu anavuka nchi nzima halafu kesho ana mtihani.

Msimamo wangu basi: waongeze, lakini mpira wa helmeti uhame peke yake. Michezo mingine ibaki na majirani. Msiniambie haiwezekani, kwa sababu Notre Dame mpira wake unajitegemea, hauko kwenye konferensi yoyote, wakati michezo yake mingine mingi iko ACC tangu 2013. Kama kutenganisha kunawezekana kwa mmoja, kwa wengine kinachoshindikana ni nini? Televisheni inanunua mechi za Jumamosi, haijanunua masomo ya binti wa softiboli.

Haya wadau, nimemaliza ya kwangu. Kama wewe ungekuwa rais wa chuo, mwaliko wa mabilioni unaletewa mezani, na ukiondoka jirani yako anabaki yatima, ungesaini? Semeni ukweli, uwanja ni wenu.