Fahamu: Msitu mdogo wa mjini hupandwaje?

Eneo lenye ukubwa wa uwanja wa tenisi linaweza kubeba miti 600. Ndivyo ilivyofanyika mwaka 2020 mjini Witney, Uingereza. Uholanzi ilitangulia: Zaandam ilipanda msitu wake mdogo mwaka 2015.

Mbinu hii ya kupanda misitu midogo ilibuniwa na Akira Miyawaki, mtaalamu wa mimea wa Japani aliyefariki mwaka 2021.

Kwanza huchunguzwa miti ya asili ya eneo husika. Kisha udongo ulioshindiliwa hulainishwa na kurutubishwa, na miche ya aina mbalimbali hupandwa kwa kuchanganywa, takriban mitatu kwa kila mita ya mraba. Kwa kubanana hivyo, miche hugombea mwanga na kurefuka upesi. Matandazo huhifadhi unyevu na kuzuia magugu.

Kazi kubwa iko katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo: kumwagilia na kupalilia. Baada ya hapo msitu hujitegemea, ukitoa kivuli, ukinyonya maji ya mvua na kuwapa makao ndege na vipepeo.

Hata hivyo, haufidii msitu mkongwe uliokatwa. Unataka kuanzisha mmoja mtaani kwako? Uliza kwanza miti gani ni ya asili ya hapo, na nani ataimwagilia kiangazi kikifika.